Betri Haifi kwa Neno la Mdomo

Magari ya haibridi yanauzwa Mombasa, na kutengenezwa Mombasa, kwa maneno matupu, na maneno hayo yanawafilisi watu. Muuzaji hukwambia betri kubwa ni nzima, ukamwamini. Baadaye fundi hukwambia betri hiyo hiyo imekufa, ukamwamini pia. Kati ya wawili hao hakuna aliyekuonyesha kipimo hata kimoja. Mimi nataka vipimo hivyo viandikwe karatasini, na muuzaji kabla hajapokea pesa, na fundi kabla hajasema neno "nunua".

Mimi ni mpishi wa arusi. Nakaa Jomvu Kuu, na sufuria zangu zinakwenda Likoni, Kisauni, Bamburi, hata Kilifi. Nilichagua Toyota Harrier ya haibridi kwa sababu ya buti yake na kwa sababu ya barabara ninayopita. Anayeijua barabara ya Nairobi kuanzia Changamwe hadi Kwa Jomvu saa za jioni ajua nisemalo: trela zimepanga mstari, malori ya mafuta yamejipenyeza katikati, nawe wasogea kidogo wasimama. Gari la kawaida linakunywa petroli hata likiwa limesimama. Haibridi huzima injini ikasogea kwa stima, na kila ukanyagapo breki hurudisha sehemu ya nguvu ile kwenye betri. Julai 2023 ushuru wa VAT kwenye mafuta ulipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na ilipofika Septemba petroli ikavuka shilingi 200 kwa lita. Wapishi wenzangu waliongeza usafiri kwenye bei ya pilau. Mimi sikulazimika. Gari hili nalipenda, na ndiyo maana nakasirika likisingiziwa.

Lilisingiziwa katikati ya kaskazi, miezi ile ambayo hata usiku joto halipungui. Onyo la mfumo wa haibridi liliwaka karibu na Mikindani na gari likapungua nguvu. Fundi wa kwanza aliyelitazama hakufungua chochote. "Mama, betri imekufa," akasema. Nikamwuliza, "Umejuaje, mwanangu?" Akajibu kwamba gari hizi zote huishia hivyo, na kwamba angenitafutia betri nyingine iliyotumika, kwa laki moja na nusu. Imetoka gari gani, ina umri gani, ina dhamana ya muda gani? Hakuwa na jibu hata moja.

Nililipeleka kwa kijana mwingine, aliyewahi kufanya kazi ya umeme wa magari Sharjah. Yeye alianza kwa kuchomeka mashine ya kupimia chini ya usukani, kisha akanigeuzia kioo chake nisome mwenyewe: P0A82. "Mama, ingekuwa P0A80 ningekwambia betri imechoka," akasema. "Hii ni themanini na mbili. Tuangalie feni." Akainua kiti cha nyuma. Feni ya kupoza betri ilikuwa imejaa vumbi, maganda ya vitunguu na nyuzi za magunia ya mchele. Aliisafisha, akafuta onyo, kisha akalitembeza gari huku akisoma volti za betri fungu kwa fungu. Zilikuwa zikipanda na kushuka pamoja, hakuna fungu lililoachwa nyuma. Nikamlipa ujira wake na kesho yake nikaenda kupika.

Tarakimu moja ya mwisho, sifuri au mbili, ndiyo iliyokuwa kati yangu na deni la laki moja na nusu. Najiuliza ni betri ngapi nzima zimeng'olewa katika mji huu kwa sababu ya feni chafu.

Na ufundi wenyewe si siri. Prius ya kwanza iliuzwa Japani mwaka 1997, na Harrier ya haibridi ilitoka mwaka 2005. Betri ya Harrier kama yangu ni ya nikeli, imelala chini ya kiti cha nyuma, na hupoozwa kwa hewa ya ndani ya gari, hewa ile ile unayovuta wewe. Kwa hiyo anayefunga vioo na kuzima AC mchana wa Februari ili aokoe mafuta anaipika betri yake humo humo. Mzigo ukiziba matundu ya hewa chini ya kiti, matokeo ni yale yale. Kuna na hili ambalo madereva wetu wa foleni hawaambiwi: gari likikaa nyutro, betri kubwa haichajiwi. Ukisimama Changamwe nyuma ya trela, liache kwenye D na mguu wako kwenye breki.

Betri ndogo nayo inasababisha lawama nyingi zisizo za haki. Haibridi za Toyota hazina stata wala alteneta. Ile betri ya volti 12 kazi yake ni kuamsha kompyuta, halafu betri kubwa ndiyo inayozungusha injini. Ikidhoofika ile ndogo, maonyo huwaka kadhaa kwa pamoja, taa ya READY haiji, na mwenye gari huambiwa haibridi yote imeharibika. Ipimwe hiyo kwanza. Bei yake haikaribii hata kidogo ile ya kubwa.

Sisi wa pwani tuna adui wetu wa ziada, chumvi. Huko Kanada na Marekani, wenye RAV4 za haibridi za kuanzia 2019 walilalamikia kutu iliyokula kiunganishi cha waya wa umeme mkubwa unaokwenda kwenye mota ya nyuma, kwa ajili ya chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji. Toyota ikaongeza dhamana ya waya huo. Sisi hatuna theluji, lakini tuna hewa ya bahari, tuna mkono wa bahari unaoingia hadi Jomvu, na tuna shida ya maji ya mfereji inayofanya magari mengi yaoshwe kwa maji ya kisima yenye chumvi. Anayenunua gari lenye mota nyuma alipandishe juu akague waya huo, na akiliosha chini atumie maji matamu.

Sasa turudi kwa muuzaji. Kanuni ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, hairuhusu gari lililotumika kuingia nchini likiwa limepita miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Huko Marekani, Toyota ilikuwa ikidhamini betri kubwa kwa miaka 8 au maili 100,000, na kwa magari ya kuanzia 2020 ikapandisha hadi miaka 10 au maili 150,000. Tazama basi: gari la miaka saba linashuka Kilindini katika umri ule ule ambao waliolitengeneza walikuwa wanakaribia kuacha kuiwekea betri dhamana. Kwa gari la umri huo, hali ya betri si habari ndogo. Ni sehemu kubwa ya bei. Lakini katika karatasi nilizokabidhiwa siku ya kununua, kulikuwa na kilomita, rangi na ukubwa wa injini, na juu ya betri hapakuwa na mstari hata mmoja.

Magari haya hukaguliwa Japani kabla hayajapakiwa melini. KEBS iagize vipimo vya betri kubwa viandikwe kwenye cheti cha ukaguzi huo. Kazi yenyewe haihitaji hata kufungua boneti, kwani ile mashine niliyoonyeshwa na yule kijana husoma yote hayo kupitia tundu la chini ya usukani.

Kwa upande wa gereji nina hofu zaidi. Waya za umeme mkubwa, zile za rangi ya chungwa, zinabeba umeme unaofika volti 650 ukishapita kwenye inveta, na vijana wetu wanazishika kwa mikono mitupu. Anayejua kazi huvaa kwanza glavu za mpira maalum, akachomoa plagi ya usalama, na akangoja dakika kumi kabla hajagusa. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa na Kenya Coast National Polytechnic viko papa hapa mjini. Viwafungulie mafundi wa jua kali kozi fupi ya jioni, kwa ada wanayoimudu, na serikali ya kaunti iwalipie wasioweza. Mtoto wa mtu asife kwa kutengeneza gari langu.

Nawe msomaji, ukiwa yadini au gerejini, usitoe hata shilingi kabla hujaona mashine imechomekwa. Uliza namba ya hitilafu ni ipi, uipige picha, na uombe usomewe volti za kila fungu gari likiwa linatembea. Akikataa, ondoka na gari lako, na kama ni yadini, ondoka na pesa zako.