KUZIMUA SI KUSAFISHA

Mkulima wa tambarare zilizo chini ya mji wa Moshi ana mahitaji mawili makubwa: maji na mbolea. Haishangazi basi kwamba karibu na mabwawa ya kusafishia maji taka huko Mabogini, wakulima huyaelekeza maji yatokayo humo kwenye majaruba ya mpunga. Maji hayo yana naitrojeni na fosforasi, yaani vitu vile vile anavyovinunua mkulima katika mfuko wa mbolea. Kuyaacha yapotee bure ni kutupa mali.

Lakini hekima hiyo isigeuzwe kuwa dhana ya hatari, kwamba maji machafu ya aina yoyote, hata ya viwandani, yakizimuliwa tu huwa mbolea.

Maji ya viwandani hayafanani. Yale yaliyooshea kahawa kwenye miteremko ya Kilimanjaro yamejaa sukari na asidi za tunda. Yakimwagwa mtoni yalivyo, huoza na kuua viumbe. Yakitulizwa mashimoni na kupunguzwa ukali kwa chokaa, yanaweza kurudi shambani. Nchini Brazili, mabaki ya kutengenezea pombe ya miwa, yenye potasiamu nyingi, huzimuliwa na kurudishwa katika mashamba ya miwa.

Maji ya kiwanda cha ngozi ni jambo jingine kabisa. Kromiamu inayotumika kutengenezea ngozi haipotei kwa kuzimuliwa. Gramu 10 zikitiwa katika pipa moja au mapipa 100, zikimwagwa zote shambani ni gramu 10 zile zile, na msimu baada ya msimu hulundikana udongoni.

Hata maji ya majumbani yana masharti yake. Naitrojeni ikizidi, mpunga hurefuka, hulala na kutoa mapepe. Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba maji ya kumwagilia mboga zinazoliwa mbichi yasizidi vijidudu 1,000 vya kinyesi katika mililita 100, wala yai moja la mnyoo katika lita. Mpunga hupikwa, lakini anayeulima husimama topeni pekupeku.

Kwa hiyo tunasema: maji ya viwanda vyenye kemikali yatenganishwe kiwandani, yasichanganywe na ya majumbani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ipo. Kilichobaki ni kuisimamia. Maji yapimwe kabla ya kufika shambani, na matokeo yabandikwe katika ofisi za kata kwa Kiswahili kinachosomeka. Mabwana shamba wawafundishe wakulima kuvaa viatu na kutoyatumia maji hayo kwenye mchicha na nyanya. Walimu nao waifundishe hesabu ile ya gramu 10, kwani mtoto akiielewa ataipeleka nyumbani.

Mama anayenunua mboga sokoni kwa ajili ya jamaa yake huko Majengo hana kipimo mkononi. Kipimo hicho amewakabidhi watumishi wa umma. Ni wajibu wao kukitumia.