Bulete 24 kwa watu 8



Juma hili tunaingia jikoni na hesabu. Nyama ikipikwa vipande, sote tunajua inavyogawanywa: kipande kikubwa kwa baba, kinachofuata kwa kijana mkubwa, na binti aliyechochea moto anabaki na mchuzi. Bulete zinahesabika. Ndiyo sababu tunazipenda.

Kwa watu 8 tunatafuta: unga wa ngano kilo 1, mayai 5, nyama ya ng'ombe nusu kilo, mikate midogo 2 ya jana, vitunguu 3, saumu, tomati mbivu kilo 1, mafuta na chumvi.

Tuanze na spageti. Mwaga unga juu ya meza safi, fanya shimo katikati, tia mayai 4 na chumvi kidogo. Ongeza maji kidogo kidogo, karibu theluthi ya lita. Kanda dakika 10 mpaka donge liwe laini, kisha lifunike nusu saa. Likiisha kupumzika, lisukume kwa chupa tupu iliyooshwa vizuri mpaka liwe jembamba, nyunyizia unga, likunje na ulikate kwa kisu kama tunavyokata lengalenga.

Donge likiwa bado linapumzika, tunashika nyama. Ikatekate kwa kisu kikali mpaka iwe kama ya kusaga. Loweka mkate, ukamue, uchanganye na nyama, yai 1, kitunguu 1, saumu na chumvi. Mkate unaongeza wingi na unazuia bulete zisikauke. Gawa mara 4. Kila fungu litoe bulete 6. Mtoto wa shule ya msingi aoshe mikono kwa sabuni, azifinyange, na atuambie kila mtu atapata ngapi.

Mbabula ikiwa moja, mchuzi utangulie. Kaanga bulete, zitoe, kaanga vitunguu, tia tomati, rudisha bulete na ufunike dakika 25. Pasua moja: ikiwa nyekundu ndani, bado. Nyama iliyokatwakatwa isilale. Ipikwe siku ile ile. Kisha epua, chemsha maji mengi yenye chumvi, tia spageti. Mbichi hivi inaiva kwa dakika 3 au 4.

Sasa kupakua. Sahani 8 zipangwe kabla mtu hajakaa, bulete 3 kwa kila moja. Ya asiyefika bado ifunikwe. Na mama asiseme ameshiba harufu: mwenye mimba, na binti aliyeanza kuona siku zake, wanahitaji madini ya chuma yaliyomo katika nyama ili damu isipungue. Baba akiuliza kwa nini zake ni 3 tu, mtoto aliyehesabu amjibu.

Pesa ikitosha robo kilo tu, ponda maharagwe yaliyoiva vizuri, kikombe kimoja na nusu, uchanganye na nyama. Bulete zitabaki 24.