MAARIFA YA ULIMWENGU: Jua na Hesabu ya Vimondo

Ni wachache sana ambao hawajapata kuona mwali wa moto ukipita mbinguni usiku na kutoweka mara moja. Wazee wa pwani tangu zamani wamesema kuwa huo ni mshale wa moto anaotupiwa shetani. Wengine husema kwamba nyota imeanguka. Wataalamu wa elimu ya nyota wametuonyesha kwamba hakuna nyota inayopungua mbinguni kwa sababu hiyo. Kimondo ni chembe ya jiwe au vumbi, mara nyingi si kubwa kuliko punje ya mchanga, iingiayo katika hewa yetu kwa mwendo wa kilomita 11 hata 72 kwa kila sekunde. Vichache vilivyo vikubwa hufika chini, kama kile cha Mbozi katika Tanzania, lakini vilivyo vingi huungua na kuisha vikiwa bado juu, kama kilomita 80 hata 120 kutoka ardhini. Umbali huo si mkubwa kama watu wadhanivyo: ni kama safari ya gari kutoka Nairobi mpaka Naivasha, ila imeelekezwa juu.

Leo yafaa tujifunze jambo lisilojulikana na wengi, yaani kwamba Jua, ingawa usiku halionekani, hubadili hesabu ya vimondo tunavyoweza kuvitambua.

Kwanza tujue jinsi vinavyohesabiwa. Macho hushindwa kwa mawingu, kwa mbalamwezi na kwa mwanga wa mchana. Lakini kimondo kinapoungua huacha nyuma yake mstari wa hewa yenye nguvu ya umeme, na mstari huo hurudisha mawimbi ya redio kama vile ukuta unavyorudisha sauti. Kwa hiyo mashine ya rada huweza kuvihesabu usiku na mchana, mvua ikinyesha au isiponyesha.

Habari ya kugunduliwa kwa jambo hili ni ya ajabu, kwa maana ilianza na Jua lenyewe. Mwezi wa Februari 1942, wakati wa vita, rada za jeshi la Uingereza zilijaa kelele kwa siku mbili. Wakubwa waliogopa kwamba adui amepata njia mpya ya kuzivuruga. Bwana J. S. Hey alipewa kazi ya kuchunguza, akaona kwamba kelele ile ilitoka upande wa Jua, na kwamba wakati ule palikuwa na doa kubwa juu ya uso wa Jua. Karibu na mwisho wa vita Bwana huyo huyo alikuwa akichunguza alama za ghafula zilizowasumbua walinzi waliongojea makombora ya Wajerumani, akatambua kwamba ni vimondo. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Oktoba 1946, Bwana Bernard Lovell na wenzake wa Jodrell Bank walielekeza rada yao mbinguni wakati dunia ilipopita katika vumbi la nyota yenye mkia iitwayo Giacobini-Zinner. Kwa saa chache alama ziliongezeka sana, kisha zikapungua tena. Tangu hapo hapakuwa na shaka juu ya kazi ya rada.

Sasa tuje kwenye Jua. Madoa yake huongezeka na kupungua kwa kipindi cha miaka 11 hivi. Madoa yanapokuwa mengi, Jua hutoa miali mikali zaidi isiyoonekana kwa macho, nayo huipasha moto hewa ya juu hata ikatanuka. Wenye vyombo vya angani walilipia elimu hiyo mwezi wa Februari 2022: kampuni ya SpaceX ilirusha vyombo 49, na kwa sababu ya dhoruba iliyotoka katika Jua hewa ya juu ikawa nzito njiani mwao, hata 38 vikapotea.

Mtu angedhani kwamba hewa ikibadilika hivyo vimondo vitaonekana vingi zaidi. Sivyo. Mwaka 1976 Bwana Bertil-Anders Lindblad wa Sweden alitangaza kwamba, alipolinganisha hesabu za rada na hesabu za madoa, aliona vimondo vikiwa vichache katika miaka ya madoa mengi, na vingi katika miaka ya madoa machache. Mwaka 1980 Mabwana Ellyett na Kennewell walieleza jinsi mabadiliko ya hewa yawezavyo kuleta jambo hilo. Hewa iliyotanuka huongezeka uzito kidogo kidogo kadiri kimondo kinavyoshuka, basi kimondo huungua katika njia ndefu zaidi. Chukua kikombe cha mafuta ya taa: ukikimwaga motoni mara moja, mwali wake huonekana mbali, ukikitia katika taa, mafuta ni yale yale, lakini mwanga ni mdogo. Ndivyo ilivyo kwa vimondo vidogo. Vimeingia kama kawaida, ila alama zao ni hafifu na rada haizioni.

Tena, Jua huleta taabu nyingine. Kelele yake ya redio huweza kufunika alama hafifu, na mlipuko wake huweza kuyameza mawimbi mafupi upande wa dunia ulio mchana.

Msomaji aweza kuuliza: Je, hesabu hii yatufaa nini? Yatufaa sana. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2023, uliotumia rada 12 za sehemu mbalimbali za dunia, ulionyesha kwamba katika sehemu nyingi kimo ambacho vimondo huungulia kimekuwa kikishuka. Hewa ya kule juu inapoa na kunywea, na sababu moja kubwa ni hewa ya kaboni itokayo katika moshi wa viwanda na magari, ambayo huku chini huongeza joto lakini kule juu huleta baridi. Badiliko hilo ni dogo, na kazi ya Jua yaweza kulificha. Karani wa ghala hupima mahindi, kisha huondoa uzito wa gunia. Asipofanya hivyo, mkulima au mnunuzi hudhulumiwa. Vivyo hivyo mtaalamu hana budi kuondoa kwanza sehemu ya Jua, ndipo aseme neno juu ya hewa.

Jua lilifikia kilele cha madoa yake mwezi wa Oktoba 2024. Lakini mtu atazamaye kwa macho tu asiwe na wasiwasi juu ya madoa. Mawingu na mbalamwezi humzuia zaidi. Kila mwaka, usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 Desemba, vimondo viitwavyo Geminids huonekana vizuri katika nchi yetu. Ondoka penye taa, yape macho nusu saa yazoee giza, utazame mbinguni kuanzia saa nne usiku. Karibu na saa nane ndipo huwa vingi. Wachukue watoto pamoja nawe, wahesabu na kuandika. Hesabu iliyoandikwa kwa uaminifu, pamoja na saa na hali ya mawingu, ni elimu ya kweli hata ikitoka shambani.