Mafuta ya freni: pompa, au chupa na tiyo?

Wamama wenzetu, wiki hii tunaacha kidogo mambo ya daftari na minervali, tunaingia chini ya motokari. Vikundi kadhaa hapa Kalemie sasa vina motokari ya kubeba ndakala na unga, na kikundi kimoja kimetuuliza: fundi anataka tumnunulie pompa ya kunyonya mafuta ya freni, tununue au tuache?

Kwanza tuelewane kwa nini mafuta hayo yanabadilishwa, maana kopo lake likionekana limejaa, wengi hudhani kazi imekwisha. Mafuta ya freni hunywa maji ya hewani, polepole, hata motokari ikiwa imelala. Hapa kando ya ziwa, wakati wa mvua, hewa yetu ina unyevu mwingi. DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzi 205. Yakinywa maji ya asilimia 3.7 tu, yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140. DOT 4 huanza na 230, na yakinywa maji hivyo hivyo yanashuka mpaka 155. Sasa fikirini motokari yenye magunia inateremka kutoka milimani kuja ziwani, mguu wa dereva uko juu ya freni muda wote. Freni zinapata moto, mafuta yanachemka, mvuke unaingia ndani ya tiyo, na pedali inazama mpaka chini bila motokari kusimama. Na juu ya magunia tumekaa sisi.

Mwenye kutaka kuelewa achukue seringi bila sindano. Ijaze maji, ziba mdomo wake kwa kidole, sukuma: haisogei. Mwaga maji, acha hewa peke yake, ziba tena, sukuma: inaingia. Mafuta husukuma freni, mvuke hujikunja tu. Darasani somo hilo ni dakika tano, hata yule anayesinzia nyuma analishika. Ndiyo maana mafuta hayo hubadilishwa kila baada ya miaka 2 hivi.

Sasa vifaa. Pompa ya kunyonya inashikwa mkononi na kufungwa kwenye ile skrubu ndogo yenye tundu iliyo nyuma ya gurudumu, skrubu ya purje. Uzuri wake, mtu mmoja anatosha. Ubaya wake, ukilegeza skrubu, hewa ya nje inapita kwenye nyuzi zake. Vipovu vinakuja, havikomi, na huwezi kujua kama vinatoka ndani ya freni au nje. Fundi mzoefu anajua. Sisi tunaolipa hatujui.

Iko pompa nyingine inayosukuma kutoka juu, inafungwa mahali pa kifuniko cha kopo la mafuta. Inafanya kazi vizuri sana kama kifuniko chake kinalingana na motokari. Kisipokaza, mafuta yanamwagika, na mafuta ya freni hula rangi. Garaji inunue. Kikundi chenye motokari moja, hapana.

Sisi tunachagua chupa na tiyo ya plastiki, vyote vinavyoonyesha ndani, na watu wawili. Kwa seringi kubwa mnatoa mafuta ya zamani kwenye kopo la juu, mnajaza mapya. Tiyo inavishwa kwenye skrubu, ncha nyingine inazama katika mafuta safi kidogo ndani ya chupa. Mmoja anakanyaga pedali polepole na kushikilia, mwenzake analegeza skrubu, mafuta yanatoka, anakaza, na hapo ndipo mguu unaachia. Mguu ukiachia mapema, hewa inarudi ndani. Rudieni mpaka yatoke safi bila kipovu, na kopo la juu lisikauke hata mara moja. Chini ya pedali wekeni kipande cha mbao ili isizame mpaka mwisho, kwa sababu raba za ndani za motokari ya zamani zinaweza kuharibika.

Kawaida mnaanza na gurudumu la mbali zaidi. Motokari zenye usukani kuume mara nyingi zinaanza nyuma kushoto, lakini kitabu chake kikisema vingine, fuateni kitabu. Zenye ABS, nyingine zinadai kompyuta. Hizo zipelekeni kwa mwenye nayo.

Tunaipenda njia hii kwa sababu nyingine pia. Kazi ya mguu inaweza kufanywa na mama yeyote wa kikundi, na mweka hazina akisimama kando anaona rangi ya yanayotoka: kwanza meusi kama chai ya rangi, halafu maangavu. Hakuna tena kulipia kazi ya kuambiwa kwa mdomo.

Pesa ya pompa itumike kwa spana nzuri, ile inayozunguka kichwa chote cha skrubu, mara nyingi ya 8 au 10. Spana ya mdomo wazi hula skrubu, na skrubu iliyoliwa ni gharama nyingine. Nunueni pia kopo la mafuta lisilofunguliwa, lenye namba iliyoandikwa kwenye kifuniko cha motokari. Yale ya kupimiwa kutoka bidoni iliyo wazi yameshakunywa maji dukani. DOT 5 ni ya silikoni, msichanganye. Mafuta ya injini huvimbisha raba. Maji ya sabuni, tafadhali, yabaki kwenye nguo.

Motokari isimame kwenye vigingi imara, siyo kriki peke yake. Mafuta ya zamani ni sumu: yasiingie katika chupa ya Fanta ambayo mtoto anaijua, wala yasimwagwe kwenye mtaro unaoelekea ziwani. Yakiruka machoni, osha kwa maji mengi, kisha hospitali.

Mkimaliza, washeni injini, mkanyage: pedali iwe ngumu na isimame juu. Izungusheni uani polepole, tupu. Magunia yapakiwe kesho yake.