Matembezi ya Jumamosi: Milima ya Shimba na Maji Yake

Wahenga walisema mambo mawili juu ya kutembea, na mambo hayo hayapatani. Walisema, "Mtembezi hula miguu yake", kisha wakasema, "Mtembea bure si sawa na mkaa bure." Mkulima aliyeshika jembe tangu alfajiri huipenda methali ya kwanza, kwa kuwa miguu yake imekwisha kuchoka. Karani aliyekaa kitini kutwa yafaa aisikilize ya pili. Lakini iko njia moja fupi katika Kwale inayowafaa wote wawili, maana mwisho wa njia hiyo kila mmoja wao hukuta jambo linalomhusu.

Milima ya Shimba iko kusini-magharibi ya Mombasa, mwendo wa kilometa 33 hivi. Msafiri huvuka Likoni, akafuata barabara ya Lunga Lunga mpaka Kombani, na hapo akageuka kulia kupanda Kwale. Mlima huu si wa kutisha. Hauna theluji wala majabali ya kukwea. Ni uwanda ulioinuka, na kilele chake cha Pengo hakifiki hata meta 500. Hata hivyo, mtu akitoka katika joto la pwani huhisi mara moja kwamba upepo umebadilika, na akitazama nyuma huiona bahari imelala chini kama kitambaa cha buluu.

Sehemu kubwa ya milima hii ilifanywa hifadhi mwaka 1968, nayo husimamiwa na Shirika la Wanyamapori la Kenya. Kwa kuwa mna tembo na nyati, mtu haruhusiwi kujiendea peke yake. Matembezi yaliyo mepesi kuliko yote ni ya kwenda kwenye maporomoko ya maji ya Sheldrick, nayo hufanywa pamoja na askari wa wanyama mwenye bunduki. Urefu wa njia ni kama kilometa 2 kwenda, na kurudi vivyo hivyo. Mtoto wa shule huweza kuimaliza, na mzee pia, mradi asifanye haraka.

Safari huanzia katika nyasi. Hapo juu ni wazi, na vilima vinafuatana kimoja baada ya kingine. Mwenye bahati humwona palahala, mnyama mwenye pembe ndefu zilizopinda nyuma kama jambia. Dume lake ni jeusi na tumbo lake jeupe. Jike ni jekundu la hudhurungi. Katika Kenya nzima, Milima ya Shimba ndiyo makao yaliyomsalia. Palahala hutaka nyasi, na nyasi hizo hazijitunzi zenyewe. Zikiachwa miaka mingi bila moto, vichaka huzimeza. Kwa sababu hiyo wasimamizi huzichoma kwa zamu na kwa hesabu. Mkulima atalielewa jambo hilo upesi kuliko mtu wa mjini, kwani ajua kwamba moto wenye mwangalizi ni kazi, na moto usio na mwangalizi ni hasara.

Kisha njia huteremka, na miti huanza. Kwanza ni ile iliyotawanyika, yenye nyasi chini yake; baadaye huja msitu wenyewe, wenye mivule na mibambakofi, na jua hubaki juu ya majani. Hondohondo hupiga kelele kama mtoto anayelia, na pengine mbega huruka tawi hata tawi. Ardhi chini ya nyayo ni laini kwa majani yaliyooza. Hapo ndipo mtembezi hupaswa kusimama kidogo, ainame, na kutia mkono katika majani hayo. Ni maji. Pepo za bahari zikipanda mlima huu hupoa na kuacha mvua na ukungu; majani huizuia mvua isipige ardhi kwa nguvu, na udongo wa kichanga huinywa polepole. Maji hayo hushuka chini kwa chini, yakatokea tena miguuni pa milima katika chemchemi na vijito.

Maporomoko yenyewe huanguka kiasi cha meta 21 katika kidimbwi ambacho watu huruhusiwa kuoga. Si makubwa kama yale ya nchi nyingine, lakini hapana mtu aliyeteremka kwa jasho akayadharau.

Karani wa Mombasa aketipo hapo juu ya jiwe, yafaa akumbuke bomba la nyumbani kwake. Chemchemi ya Marere, katika milima hii hii, ni moja ya chemchemi ambazo zimeupa mji wa Mombasa maji tangu zamani. Huenda ameyanywa miaka 20 bila kujua yatokako. Mtu asiyejua kisima chake hawezi kukilinda, na siku atakaposikia kwamba msitu unakatwa atadhani ni habari ya watu wengine.

Mkulima aketipo hapo hufikiri jambo jingine, nalo si jepesi. Katika miaka ya 1950 Serikali ya wakati ule iligawa mashamba upande wa kusini, na Wakamba wengi wakaja kukaa jirani na Wadigo na Waduruma. Tangu hapo mashamba na msitu vimegusana, na tembo hajui mpaka. Usiku mmoja watosha kuharibu mahindi ya msimu mzima, na mwenye shamba hukesha akipiga debe huku watoto wake wamelala na njaa ya kesho. Mwaka 2005 tembo 150 walichukuliwa kutoka Shimba wakapelekwa Tsavo Mashariki, kwa kuwa nafasi ilikuwa imewabana. Ua wa nyaya za umeme nao umejengwa. Mambo hayo yamesaidia, lakini hayakumaliza shauri.

Kaskazini ya hifadhi, mahali paitwapo Mwaluganje, wakulima wenyewe walijaribu njia nyingine katika miaka ya 1990. Walikubali kuiacha ardhi yao iwe malisho na mapito ya tembo, nao wapate fungu la fedha zilipwazo na wageni. Shauri hilo ni la busara, ila lina udhaifu mmoja: wageni wakipungua, fungu nalo hupungua, na tembo habadili chakula chake kwa sababu hiyo. Kwa hiyo mtu wa mjini anayelipa kiingilio na kutembea huko hafanyi anasa tu. Humlipa, ingawa kidogo, jirani aliyeacha kulima ili maji yaendelee kutiririka.

Kwa wale watakaopenda kwenda, maneno machache yatafaa. Uliza mapema saa za askari na malipo ya siku. Nenda asubuhi kabla ya jua kali, na uvae viatu vilivyofungwa. Chukua maji katika chombo cha kudumu, kwani chupa za plastiki za kutumiwa mara moja zimekatazwa katika hifadhi tangu tarehe 5 Juni 2020. Usiache taka, usichume mmea, wala usimtangulie askari. Na katika kurudi usione haya kupumzika, maana kuteremka ni kwa furaha, lakini kupanda ni kwa pumzi.

Juu kileleni, mtembezi akigeuka kwa mara ya mwisho, huona yote kwa pamoja: nyasi za palahala, msitu wenye maji, mashamba yenye minazi na mihogo, na mbali kabisa ukanda wa pwani uelekeao Mombasa. Aonaye mashamba tu husema msitu ukatwe. Aonaye msitu tu husema mkulima aondoke. Aliyetembea kwa miguu yake kutoka moja hata jingine hawezi tena kusema ama hili ama lile. Huyo hakula miguu yake bure.