Mali Bila Daftari

Wazee walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nilidhani methali hiyo ni ya wenye maduka, mpaka siku niliponunua Hekaya za Abunuwasi kwa mara ya tatu.

Ndugu msomaji, nilikuwa Moshi mjini nikipita kando ya meza ya vitabu vikuukuu. Macho yangu yakaangukia jalada nisilolijua, nikalipa bila kupekua. Nyumbani, nilipotaka kukipanga, nikazikuta nakala mbili za kitabu kicho hicho zikinisubiri, kila moja na vazi lake. Mama watoto hakupandisha sauti. Aliuliza tu, “Baba watoto, na yale madaftari ya shule?” Fedha ilikuwa ndiyo hiyo. Jumatatu mtoto akaenda shuleni na daftari la mwaka uliopita, akiandika katika kurasa chache zilizobaki.

Aibu hiyo ndiyo iliyonipandisha Marangu kwa shangazi yangu, mwalimu mstaafu, ambaye huhifadhi hadithi za watoto katika sanduku la bati, mbali na mchwa na unyevu wa migombani. Nilimwamkia, nikamweleza yaliyonipata. Akacheka. “Mwanangu, wewe unanunua majalada. Mimi nanunua hadithi. Fungua ndani.”

Somo la kwanza lilikuwa nyuma ya ukurasa wenye jina la kitabu. Hapo huandikwa mwaka wa chapa ya kwanza na, mara nyingi, miaka ya kuchapwa tena. Mwaka wa kwanza si lazima uwe umri wa nakala uliyoishika. Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, kwa mfano, ilitoka mwaka 1952, lakini imechapwa tena baadaye. Anayesoma tarehe ya juu tu huweza kulipa bei ya kitu cha kale kwa kitu cha juzi.

Na kama mwaka haukuandikwa? Shangazi hutafuta dalili nyingine. Anwani inayotaja Tanganyika kuwa ndiyo nchi humwelekeza kwenye miaka ya kabla ya Muungano wa 1964. Chapa ya East African Literature Bureau humrudisha kati ya 1948, chombo hicho kilipoanzishwa, na 1977, Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Namba ya ISBN ilikubaliwa kimataifa mwaka 1970. Ikiwa na tarakimu 13, nakala hiyo kwa kawaida ni ya mwaka 2007 au baada yake.

Somo la pili lahusu mikusanyo ya hadithi fupi, ambayo ndiyo mitego mikubwa. Hadithi zile zile huweza kutolewa tena kwa jina jingine na picha nyingine. Basi usilinganishe majina ya vitabu peke yake. Linganisha orodha ya hadithi zilizomo, kisha soma sentensi ya kwanza na ya mwisho ya hadithi mbili.

Hata hivyo, si kila kinachofanana ni marudio. Kisa cha Alice cha Mwingereza Lewis Carroll kilitoka kwa Kiswahili mwaka 1940 kwa jina la Elisi katika Nchi ya Ajabu. Mwaka 2015 ikatoka tafsiri nyingine, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, ya Ida Hadjivayanis. Hivyo ni vitabu viwili, na mwenye vyote huweza kuona jinsi lugha yetu ilivyobeba kisa kimoja katika nyakati mbili.

Mwisho shangazi akanionyesha Abunuwasi yake. Majani ya mwisho hayapo. Aliikuta sokoni ikichanwa kufungia karanga, akanunua kilichosalia. Kwa miaka mingi wajukuu wamesikiliza hekaya kutoka katika kitabu hicho, na walipofika palipochanika aliwamalizia kwa kumbukumbu yake. “Sasa kumbukumbu nayo inachanika,” alisema.

Nilitoa mfukoni ile nakala ya tatu. Tulilinganisha orodha, hekaya kwa hekaya; zikaafikiana. Nikamwachia. Ile iliyochanika hakuitupa, kwa sababu picha zake ni nyingine.

Wazazi wenzangu, vitabu vya namna hii vimo bado katika masanduku ya nyumba zetu, na kila msimu vingine huishia kwenye karanga na maandazi. Viokoeni, lakini viandikeni: jina, mwandishi, mchapishaji, mwaka, idadi ya kurasa na hadithi zilizomo. Kikizidi kimoja, mpeni jirani au shule iliyo karibu.

Njiani kurudi nilinunua madaftari matano: manne ya mtoto, moja langu.