Mwezi Mmoja, Vitabu vya Kila Aina

Ndugu Mhariri,

Anayesoma aina moja tu ya vitabu mwezi mzima huambulia upande mmoja wa habari. Chukua mfano wa habari za misafara ya zamani ya bara. Katika kitabu chake cha 1872, msafiri Stanley anauona mji wa Ujiji kama mahali alipomkuta mpelelezi Livingstone. Tippu Tip, katika maisha yake aliyoyasimulia kwa Kiswahili, anazungumza kama mfanyabiashara wa pembe za ndovu. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya 1994, kwa Kiswahili *Peponi*, inamfuata Yusuf, mtoto aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, hadi kwenye msafara wa bara. Wapo watakaosema kuchanganya hivyo ni kudonoadonoa, tena riwaya ni uzushi mtupu. Lakini hesabu ya pembe haielezi hofu ya mtoto wa rehani, riwaya inaieleza. Kina cha usomaji hutokana na kulinganisha, hivyo shule zetu ziwasomeshe vijana vitabu hivi kwa pamoja.

Msomaji wako,
Rusimbi, Kigoma